Inchi Mbili

Februari. Theluji imeifunga njia ya Abano,
na sisi madereva wa Alvani hatuna kazi ila ubishi.
Delika yangu imepandishwa juu ya magogo gerejini kwa Vepkhia,
magurudumu yote manne nje,
kama mgeni aliyevua viatu mlangoni
akakaribishwa, akasahau kuondoka.

Nataka kuiinua.
Julai iliyopita, kwenye kona tusiyoitaja jina,
mwamba uliikwaruza tumbo toka difu hadi tangi,
na abiria wanane wakanyamaza kwa pamoja.
Kimya kile nakisikia hadi leo nikipiga mswaki.

Sulkhan ameinua yake inchi nne.
Tairi za inchi thelathini na tatu, meno ya kutafuna mlima;
akipita sokoni hata mbwa husimama.
Mimi pia mwanamume. Nikashika njia hadi Eliava, Tbilisi,
nikazunguka vibandani kutwa, mfukoni pesa za jibini,
nikipapasa springi kama mtu anayechagua tikiti.
Hii ngumu mno. Hii imechoka kabla ya kuanza kazi.
Shokomzoba za njano, za bluu, za mafuta, za gesi,
na muuzaji mmoja aliyeapa kwa kaburi la mama yake,
kisha mama yake akamletea chai.

Vepkhia hakuniuliza bei. Aliniuliza uzito.
Unabeba nini? Watu au magunia?
Akajilaza chini ya gari, ikabaki miguu tu inaongea:
"Ukiinua nne, propela itakaa mshazari, itakula viungo vyake.
Paipu za breki zitanyooka kama kamba ya kuanikia.
Tairi kubwa itakwangua madigadi kila ukikata kona,
na huko juu, ndugu yangu, kuna nini zaidi ya kona?
Injini itavuta kama punda mzee. Spidomita itakudanganya.
Na gari refu hupenda kuangalia bondeni."

Neno hilo la mwisho alilisema polepole.
Sote tunazijua picha zile kando ya njia,
nyuso zilizochongwa kwenye jiwe jeusi,
chupa na glasi zimewekwa mbele yake
ili apitaye asimame, amimine, aendelee.
Kaka yake Vepkhia ni wa tatu ukihesabu kutoka darajani.

Nilirudi nyumbani inchi nne zikiwa bado kichwani.
Jikoni, mama mkwe Tsiala alikuwa akisokota sufu,
miaka themanini na moja, goti moja la kwake, moja la chuma.
Kila Juni mimi ndiye humpandisha Dartlo,
kila Oktoba humteremsha, na kila safari huniuliza
kwa nini watengeneza magari hawana mama.

Nikatoa futi ya kupimia.
"Inua mguu, mama."
"Unanipimia jeneza?"
"Ngazi."
Akainua. Unyayo ukatetemeka hewani,
ukafika pale ulipofika, ukakataa.
Nikasoma namba. Nikasoma tena, nikitaka inidanganye.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame;
mtaka kupita juu ya mwamba hawakumwachia neno.
Basi nimejiamulia: inchi mbili.
Springi za nyuma nzito kidogo, kwa ajili ya magunia ya unga;
tairi thelathini na moja, ubavu mgumu, meno ya wastani,
na kipande cha bomba atakachochomelea Vepkhia chini ya mlango
kiwe kikanyagio, kwa kipimo cha goti lile.
Jibini iliyobaki tutaila wenyewe.

Sulkhan atacheka. Na acheke.
Mwamba ule bado uko kwenye kona yake,
na baina yake na tumbo la gari langu
nimehesabu: vidole vitatu,
kama vile anavyovikutanisha Tsiala tukianza kupanda,
paji la uso, kifua, bega,
bega.